Aliandika Mvua, Hakuandika Majina

Siku ya maonyesho ya picha ukumbini Machakos tulikuwa watu wengi, lakini nitataja wale jambo hili linawahusu. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Ndunge, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nduku, ndiye alinileta kutoka Kalama na akanishika mkono kwa ngazi kana kwamba mimi ni yai. Alikuwepo Mwikali, jirani yangu wa mteremko wa chini, tuliyechimba naye mitaro miaka yote. Katika kundi letu tumebaki yeye na mimi. Alikuwepo Abdi, mzee wa mifugo, ambaye duka lake la dawa za ng'ombe lilipakana ukuta mmoja na studio ya Mpiga Picha. Alikuwepo Mumbua, binti wa Mpiga Picha, aliyepanga hayo maonyesho. Alikuwepo kijana wa Nairobi anaitwa Brayo, anayezitengenezea hizo picha kitabu. Na Mpiga Picha mwenyewe alikuwa ameketi mbele, watu wanamwinamia kumsalimu kama askofu.

Mbithe hakuwepo. Mbithe alishakufa. Lakini ukutani yeye ndiye alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, kutoka karibu na dari mpaka kiunoni mwangu.

Picha yenyewe ni nzuri. Siwezi kudanganya kwa sababu nimekasirika. Mbithe amebeba jiwe mgongoni, mkanda umemkaza kipaji cha uso, shingo imetoa mishipa, na anamwangalia yule anayempiga kama mtu anayeuliza, wewe bado hujatosheka? Upande wa kushoto kuna kiwiko kimeingia. Hicho kiwiko ni changu, niko na kovu pale mpaka leo. Na chini ya picha, kwa herufi ambazo hata mimi wa darasa la tatu nilizisoma bila miwani, wameandika: MAMA.

Mwikali alicheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha kutoka puani. Akaniambia kwa sauti ndogo kama tuko kanisani, "Mama wa nani? Mtoto amempatia wapi?"

Mimi sikucheka. Mbithe hakuzaa. Kila mtu Kalama alijua, na wengi walihakikisha yeye mwenyewe hasahau. Sasa amekufa, hawezi kujibu, wamemtundika ukutani na kumwita lile neno moja ambalo alikuwa akilikataa kwa mdomo wake.

Msomaji atakuwa anajiuliza mbona huyu Mpiga Picha simtaji jina. Jina lake nalijua. La baba yake nalijua, la babu yake nalijua, na la mbuzi aliyechinjwa siku alipotahiriwa ningeweza kulikumbuka kama mbuzi wangekuwa na majina. Sitaliandika. Watu wote wa picha zake wameishi bila majina. Na yeye akae hivyo katika kurasa zangu chache, aone baridi yake. Huko nyumbani tunamwita Mpiga Picha, na hiyo inatosha.

Sitaki mtu aseme nimemwonea, kwa hiyo nitaeleza vile alivyokuwa, mazuri na mabaya, jinsi yanavyonijia.

Alianza na picha za kipande. Wakati huo ukitaka kitambulisho ilibidi uende mbele ya chifu, na yeye alikuwa amefunga shuka nyeupe kwa miti miwili, ameweka stuli, na kamera ya miguu mitatu. Alikuwa anakushika kidevu kwa vidole viwili, anakigeuza kidogo kama mtu anayefunga mfereji, halafu anasema, "Usicheke. Serikali haitaki meno." Sasa ukiambiwa usicheke utafanya nini? Watu walicheka mpaka shuka ikatikisika. Mzee mmoja, Musyoka wa kisimani, alirudishwa mara tatu. Mara ya tatu Mpiga Picha akamwambia, "Mzee, fikiria ng'ombe wako amekufa." Musyoka akafikiria, akatoa machozi, akapigwa. Kipande chake mpaka alipozikwa kilikuwa kinalia.

Kila picha ya kipande ilikuwa na jina. Aliandika kwa karatasi ndogo, akakunja, akaifunga na picha kwa uzi. Siku nzima: jina, kidevu, usicheke. Jina, kidevu, usicheke. Nataja hili kwa sababu baadaye alikuja kunieleza kwamba ni hapo alipochoka na majina. Nitafika hapo.

Halafu akafungua studio mjini. Loo, ile studio! Alikuwa amechora pazia mwenyewe, ndege inaruka juu ya magorofa, na ile ndege ilikuwa na bawa moja kwa sababu rangi ilimwishia na hakurudi kumalizia. Sisi hatukujali. Watu wote wa Kalama tumepanda hiyo ndege. Kulikuwa na saa ya mkono ya kuazima, haitembei, na koti la Abdi ambalo lilikuwa linatoka dukani kwake kwa dirisha likiitwa. Unasikia tu Mpiga Picha anagonga ukuta, "Abdi! Bwana harusi!" Na Abdi anajibu, "Huyu ni mnene au mwembamba?" Kwa sababu kama ni mnene, koti linapasuliwa mgongoni na kushikwa na pini, mbele hakuna mtu ataona.

Huyo wa studio alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha. Ukimwona sasa huwezi kuamini. Sasa hata umsalimie asubuhi, jibu linakuja saa nne.

Ni katika hiyo studio kulitokea kitu ambacho yeye mwenyewe alikisimulia ukumbini siku ya maonyesho, mbele ya wageni wote, na hapo ndipo hasira yangu ilipanda mpaka nikaomba maji. Alisema hivi: kulikuwa na mwanamke mmoja, zamani, alikuja kupigwa picha ampelekee kaka yake Mombasa. Alikuwa peke yake, hana mtoto. "Nikamwambia," alisema Mpiga Picha, "Mwaitu, mwanamke mzima bila mtoto picha itakuwa tupu. Shika mtoto wa huyu jirani yako kidogo." Mwaitu kwetu ni mama yangu, ndivyo kijana anamwita mwanamke kwa heshima. Huyo mwanamke akavua saa ya kuazima, akaiweka juu ya stuli, akatoka bila neno. "Siku hiyo," alisema, "nilijua picha zangu zote ni uongo. Nilishusha lile pazia. Sijui yule mwanamke alikuwa nani, lakini yeye ndiye mwalimu wangu."

Watu walipiga makofi. Kijana Brayo aliandika kwa simu.

Na yule mwalimu alikuwa ametundikwa nyuma ya kichwa chake.

Ndiyo. Alikuwa Mbithe. Mimi nilikuwepo, nilimsindikiza. Mtoto aliyeambiwa ashike alikuwa Nduku wangu, wa miezi saba. Na nitasema yote maana nimeanza: mimi ndiye nilimfungua Nduku mgongoni na kumnyoosha kwake, nikisema, "Shika tu, ni dakika moja." Nilidhani ninamsaidia. Alinitazama mimi kwanza kabla hajavua ile saa. Tulitembea kutoka mjini mpaka Kalama, mwendo wote huo, na hakunisemesha mpaka tulipofika kwa mto. Hapo akasema, "Wewe pia?" Basi. Kesho yake tukaenda shambani kama kawaida, na hatukulizungumza tena maisha yetu yote.

Mtu huyo huyo alikuja kumpiga Mbithe picha kwa miaka na miaka, na hakumtambua. Angemtambuaje? Hakuwahi kuuliza.

Baada ya kushusha pazia alianza kutufuata kwenye mwethya. Mwethya ni kazi ya kundi: leo tunachimba kwako, wiki ijayo kwangu, hakuna mshahara, kuna uji na nyimbo. Tulikuwa tunachimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unautupa upande wa juu, mlima ukae kama ngazi na mvua isiondoke na shamba. Baadaye tukajenga bwawa la mchanga kwenye mto, ukuta wa mawe unaozuia mchanga, na mchanga unaweka maji. Mawe yote yalitoka mgongoni mwa mtu. Wanaume walikuwa Nairobi au Mombasa, au walikuwa wamekaa.

Mpiga Picha alikuja kila kiangazi. Siku ya kwanza anakuja bila kamera, anakaa tu juu ya jiwe. Siku ya pili anakuja nayo na haitumii. Ya tatu ukiwa umemsahau, unasikia kale kasauti kama mtu anavunja kijiti. Alisema mtu akijua anapigwa anavaa uso, na nyuso za kuvaa alizipiga za kutosha mjini. Jembe hakuwahi kushika. Hata siku moja. Hata siku mwenzetu Kanini alipoanguka na karai la mawe likamwangukia mguu, yeye alipiga kwanza halafu ndiyo akakimbia kuinua. Tulimtukana siku hiyo mpaka akainama. Lakini kiangazi kilichofuata alimletea Kanini dawa ya kuchua kutoka mjini, chupa mbili, na akamletea pia hiyo picha. Kanini aliitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa na miguu mizuri." Akaitundika nyumbani.

Mbithe ndiye aliyekuwa anamchokoza kuliko wote.

"Mwanaume mzima umekaa kwa mawe kama mjusi!"

"Mwaitu, nangojea."

"Unangojea nini? Mtaro haukimbii."

"Nangojea nyinyi."

"Sisi tuko hapa tangu asubuhi. Labda ni macho yako yamechelewa."

Na yeye anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Alimpenda Mbithe, hilo naliona. Kila aliyeziona hizo picha analiona. Ndiyo maana nashindwa kumsamehe. Mtu asiyekupenda akikusahau, hakuna ajabu.

Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe hata baada ya rangi kuwa rahisi. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Udongo wetu ni mwekundu mno. Ukionekana, watu wanaangalia udongo, hawaangalii watu." Nilifikiri jibu hilo wiki nzima. Yako maneno yake mengine hivyo, machache lakini yanakaa. Alikuwa anasema picha nzuri ni ile unayokaribia kuikosa. Alikuwa anasema mgongo haudanganyi. Na alikuwa na sheria moja: hapigi maiti, hapigi matanga. Familia za watu wakubwa zilimwita, akakataa. "Maiti hawezi kusema hapana," alisema.

Hilo neno nililipenda. Nililishika moyoni miaka mingi nikijua nitalitumia, sikujua tu nitalitumia kumpiga nalo.

Kila mwaka alituletea nakala, kila mwanamke yake, bure, imefungwa kwa gazeti. Mtu mwingine hakufanya hivyo, na hapo namsifu. Lakini ukiigeuza nyuma, alikuwa ameandika kwa penseli. "Mvua chache. Mtaro wa pili." "Mvua ilikosa. Bwawa, ukuta umefika kiunoni." "Mvua nyingi, nzige." Miaka karibu thelathini ameandika mvua. Aliandika mawingu, aliandika mahindi yamekauka au yamebeba. Hakuandika hata jina moja. Mimi wakati huo niliona ni sawa, maana kila mmoja wetu alijua ni yeye. Sikufikiria kwamba tutakufa na picha zitabaki. Nani anafikiria hivyo akiwa amebeba jiwe?

Kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina la nyanya au babu. Mimi niko na wajukuu wawili wenye jina langu, mmoja mtiifu na mmoja mwizi wa sukari. Ukinizika leo, kesho mtu ataita jina langu na mtoto ataitika. Na tukishazaa, watu wanatuita kwa watoto: Mama Nduku, Mama Kioko. Mbithe hakuitwa kwa mtu. Mume wake alioa mwingine, yule akazaa sita, na wote sita walipewa majina ya upande wao. Hakuna Mbithe hata mmoja aliyetoka katika hilo boma. Jina lake lilikuwa lake peke yake na lilikuwa linakwenda naye kaburini, na yeye alijua. Kwa hiyo kijana akimwita kwa adabu, "Mama, habari," alijibu, "Mimi si mama wa mtu. Niite Mbithe, hilo ndilo niko nalo." Wengine waliona ni mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa anahesabiwa vibaya na anasahihisha.

Siku ya ile picha kubwa alimwambia Mpiga Picha hivyo hivyo. Nilikuwa kando yake, kiwiko changu ni shahidi. Tulikuwa tunapandisha mawe ya mwisho ya bwawa. Yeye akasema, "Hapo hapo, mwaitu, usisonge." Mbithe, na jiwe mgongoni, akasema, "Mwaitu ni nyanya yako. Mimi niko na jina." Mpiga Picha akacheka, kijiti kikavunjika, picha ikaingia. Yale macho mnayosifu ni ya mtu ambaye sasa hivi ameomba kuitwa jina lake.

Basi ukumbini makofi yalipokwisha nilimvuta Mumbua kando.

"Mumbua, mwanangu, ondoeni hilo neno. Wekeni Mbithe."

Mumbua ni mtoto mzuri, alishika mikono yangu yote miwili, akaniita susu, ndiyo nyanya. "Susu, hiyo picha watu wengi wameshaijua hivyo. Ndiyo inakaa juu ya kitabu."

Brayo akasogea, sambusa mdomoni. "Shosho, relax. Mama ni heshima. Ni kama mama wa kila mtu, unaona? Hiyo ndiyo inashika watu."

"Wewe mama yako anaitwa nani?"

"Mamangu? Anaitwa Jane."

"Tukipiga Jane picha tuandike Mwanamke, utafurahi?"

Ndunge akaanza kunivuta kanzu. Brayo akatabasamu vile vijana wanatabasamia wazee na watoto wachanga. "Shosho ni moto! Kitabu kinaenda kwa mashine wiki mbili zijazo, lakini nitaona."

Nitaona. Nimekaa duniani vya kutosha kujua nitaona ni jina jingine la hapana.

Abdi alikuwa amesikia yote. Akaniambia, "Mama Nduku, usipigane na mkia. Nenda kwa kichwa." Kwa hiyo Jumanne nilimwambia Ndunge anipeleke nyumbani kwa Mpiga Picha, na Mwikali akakataa kubaki.

Tulimkuta kwa veranda amepanga mipini ya majembe kwa meza. Sasa hiyo ndiyo kazi yake ya uzee. Alianza na nyuso, akaenda kwa migongo, akaenda kwa mikono, sasa wenye mikono wamekwisha na anazunguka kwa boma zao kuomba majembe yao ya zamani. Anapiga mpini tu, pale ambapo kiganja kimeula mti. Alinionyesha mmoja. Mti umelika pande mbili, bonde la vidole vinne na bonde la kidole gumba. Nikajua bila kuambiwa.

"Huu ni wa Syombua," nikasema. "Alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Akauangalia. "Nimeutoa kwa boma la pale juu, karibu na kanisa."

"Ndiyo. Kwa Syombua."

Akaurudisha mezani. Nilikuwa nimebeba nakala zangu zote katika kiondo, pamoja na za wenzetu tulizoachiwa. Nikazimwaga juu ya mipini yake. Nikachukua ya kwanza, nikamwonyesha.

"Huyu ni nani?"

"Mwaitu, nimekukosea nini?"

"Huyu ni nani?"

"Ni... yule wa kuimba."

"Yule wa kuimba yuko hapa anakuangalia," Mwikali akasema. "Anaitwa nani?"

Akafikiri. Jamani, akafikiri! Halafu akasema, "Mwikali," na Mwikali akasema asante kana kwamba amerudishiwa kitu kilichoibwa. Nikaweka ya pili, hapana. Ya tatu, hapana. Kanini, ambaye yeye mwenyewe alimletea dawa ya mguu chupa mbili, alimwita yule wa mguu. Nilipofika ya saba akaushika mkono wangu, akaubonyeza chini mezani.

"Basi. Acha."

"Miaka karibu thelathini!"

"Mwaka wa kwanza sikuuliza," akasema. "Nilikuwa kijana, nyinyi ni mama zangu, ningewaulizaje majina? Nikawaita mwaitu, mkaitika. Mwaka wa tatu nikaona aibu kuuliza. Mwaka wa kumi utauliza vipi? Mtu amekupa uji miaka kumi, umuulize unaitwa nani?"

"Ungeuliza hivyo hivyo. Tungekucheka siku moja, tungesahau."

Hapo ndipo akaleta ile hadithi yake ya kipande. Kwamba aliandika majina mpaka mkono ukauma, kwamba jina linafanya uso uwe wa serikali, kwamba uso bila jina unakuwa wa kila mtu na mgeni kutoka mbali anamwona mama yake ndani yake. Aliongea vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu studio aliongea mengi. Nikamwacha amalize.

Nikamwambia, "Mbithe hakuwa kila mtu. Kila mtu alizaa."

Akachukua mpini wa Syombua, akaupangusa.

"Wewe hupigi maiti kwa sababu maiti hawezi kusema hapana. Huyu alisema hapana akiwa hai, akiwa na jiwe mgongoni, mbele yako. Alikuambia, niko na jina. Ukacheka. Ukangoja afe ukamwita mama."

Ndunge alisema polepole, "Susu." Nikamwambia anyamaze.

Halafu nikamwambia lile lingine. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia yule mwanamke wa studio, aliyevua saa, yule mwalimu wake aliyemsifu mbele ya wageni, ndiye huyu. Na mtoto alikuwa wangu, na mimi ndiye niliyemnyoosha. "Tulimkosea wawili," nikasema, "mimi na wewe, siku moja, chumba kimoja. Mimi sikumwomba msamaha na yeye amekufa. Na wewe umemwekea tena yule mtoto mikononi."

Nimemjua huyu mtu akiwa na nywele na akiwa hana. Sijawahi kuona uso wake hivyo, na najua angekuwa mtu mwingine amekaa pale, yeye angeupiga picha. Alichukua ile nakala ya Mbithe, akaiweka karibu na macho, akaiweka mbali. Kisha akaita, "Mumbua! Lete simu. Nipigie huyo kijana."

Aliweka sauti ya juu tusikie sote. Akamwambia Brayo, andika Mbithe. Brayo akasema, "Mzee, jalada lilishaenda. Liko kwa mashine tangu Ijumaa. Ndani bado naweza, lakini jalada zii, haiwezekani."

"Ulimwambia susu wiki mbili."

"Hiyo ni ya ndani, mzee. Jalada hutangulia."

Mpiga Picha akasema asimamishe. Brayo akasema haisimami. Mpiga Picha akapandisha sauti, Mumbua akamtoa simu mkononi. Ndivyo ilivyokuwa. Ndani, ukurasa wa Mbithe utaandikwa Mbithe. Juu, pale ambapo kila mtu dukani ataona, ataendelea kuwa mama wa watu wote asiowazaa.

Akachukua penseli. Akavuta rundo la picha karibu. Akasema, "Haya. Niambie wote." Nikamwambia asinipe pole, andike. Tukakaa pale mpaka jua likahama kwa veranda, mimi nasema, Mwikali ananikatiza, yeye anaandika nyuma, chini ya mvua zake. Mara nyingine mkono ulisimama na nikamtajia herufi, mimi wa darasa la tatu. Alipomaliza rundo akainua kichwa akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kupigwa, "Na wewe, mwaitu? Mimi nakujua kama Mama Nduku."

Nikamwambia. Akaandika. Sikumshukuru. Nilikusanya picha zangu, nikazirudisha kwa kiondo, na Ndunge akanishika mkono tukaenda. Bado nimekasirika. Watu wananiambia, susu, si ameshaandika? Ameandika nyuma. Nataka mbele.

Kwa hiyo naandika mimi. Tuliojenga ukuta wa bwawa la kwanza, tukihesabu kutoka ng'ambo ya mto: Syombua wa mkono wa kushoto. Kanini wa mguu. Wayua na dada yake Kalekye, ambao walikuwa hawasemezani lakini walibeba jiwe moja pamoja. Katunge, aliyekuja na mimba na akabeba mpaka mwezi wa nane. Mwikali. Mumo, mke wa fundi. Kavata wa Kioko na Kavata mwingine, mrefu, aliyehamia Ekalakala. Mimi. Mbithe.

Kama kuna mtu nimemwacha, au nimemweka upande usio wake wa mto, au huyo Kavata mrefu alihamia kwingine, tafadhali aliye na kumbukumbu bora anisahihishe. Njoo nyumbani Kalama, uliza Mama Nduku, nitakupa uji na sitakasirika. Nimezeeka, naweza kukosea. Lakini kama umenunua kile kitabu na uko nacho nyumbani, usiningoje mimi wala mashine. Chukua kalamu ya wino, si penseli, na pale juu, juu ya lile neno lao, andika Mbithe. Hilo sijakosea.